Mabinti Waliosimama Mbele ya Musa

Mjadala wowote wa dini na maadili ya leo una sentensi mbili ambazo lazima uzisikie kabla watu hawajakaa vizuri. Ya kwanza: "Dunia imeharibika, sasa watu wanataka hadi neno la Mungu libadilike." Ya pili: "Dini imepitwa na wakati, tuachane na vitabu vya kale." Wanaozisema hudhani wako kambi mbili. Mimi naona wamekubaliana kwenye jambo kubwa kuliko wanalogombania. Wote wanaamini kwamba mapokeo ya dini yalikaa pale pale tangu mwanzo, hayana ubishi ndani yake, na kwamba kila swali la haki linatoka nje, kwa watu wa kisasa, kuja kuyabishia hodi.

Mimi ni Mkristo, nimelelewa kanisani na bado niko humo. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba ugomvi huu ni wa ndani, na ni mzee kuliko usasa wenyewe.

Chukua kitabu kimoja kidogo. Mwaka 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipopiga marufuku biashara ya watumwa, kilichapwa London kitabu ambacho jalada lake lilieleza kuwa ni sehemu za Biblia Takatifu zilizochaguliwa kwa ajili ya watumwa Weusi katika makoloni ya Uingereza kwenye visiwa vya Karibi. Biblia ya Kiprotestanti ina sura 1,189. Hii ilikuwa na 232. Ukiifungua unamkuta Yusufu akiuzwa na ndugu zake na kupelekwa Misri. Hiyo wameiacha, maana Yusufu alitumika vizuri na mwisho wake ukawa mwema. Lakini Waisraeli hawatoki Misri. Musa hamwendei Farao, bahari haigawanyiki. Ghafla unawakuta watu wako Sinai wanapewa Amri Kumi, na hakuna anayekueleza walifikaje pale. Kitabu cha Ufunuo hakipo. Waefeso 6:5 ipo, inawaagiza watumwa wawatii mabwana zao kwa hofu na kutetemeka. Wagalatia 3:28, ile isemayo kwamba katika Kristo hapana mtumwa wala huru, imekatwa.

Nimemfikiria sana aliyeshika ule mkasi. Hakuwa mpagani wala mtu wa kisasa mwenye haraka. Walikuwa watu wa misheni, wacha Mungu kwa vipimo vya siku zao, wanaojua maandiko kuliko wengi wetu tunaokariri mistari mitatu. Ni kwa sababu walijua maandiko ndiyo maana walijua pa kukata. Miaka mitatu tu nyuma, Haiti ilikuwa imejitangazia uhuru baada ya watumwa kuwashinda mabwana zao, na hakuna mwenye shamba la miwa katika visiwa vile aliyetaka watu wake wasome habari za Farao kuzama. Kwa hiyo hapa hukuona dini upande huu na haki za binadamu upande ule. Umeona wenye mamlaka ya dini wakikiogopa kitabu chao wenyewe.

Hofu hiyo ilikuwa na hesabu zake. Shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lilirithi mashamba ya Codrington huko Barbados baada ya mwenyewe kufa mwaka 1710, pamoja na watu waliokuwa humo. Kulikuwa na watumwa waliochomwa chapa kifuani kwa chuma cha moto, na neno lililochomwa ni SOCIETY, yaani Shirika, ili ijulikane ni mali ya nani. Sinodi Kuu ya kanisa hilo iliomba radhi mwezi Februari 2006. Zaidi ya miaka mia mbili na tisini. Ukiambiwa kwamba kanisa haliwezi kukurupuka kwa sababu linafikiri kwa karne, kumbuka na hilo.

Jambo jingine linalonikera ni jinsi starehe ya jana inavyovishwa joho la mapokeo. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Kidachi la Reformed kule Rasi, Afrika Kusini, ilijadili kama waumini Weusi na weupe wakae pamoja na kushiriki meza moja ya Bwana. Ikakiri kwamba kimaandiko inafaa wawe pamoja. Kisha ikaongeza kwamba pale ambapo kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu jambo hilo lingezuia kazi ya Kristo, basi waabudu mbalimbali. Udhaifu wa baadhi ya watu! Walijua ni udhaifu, wakauandika kwenye kumbukumbu, wakaupa ruhusa. Baada ya vizazi viwili vitatu ule udhaifu ulikuwa na wanateolojia wa kuutetea kutoka kisa cha mnara wa Babeli, na mtoto aliyezaliwa humo aliamini kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyopanga tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Mwaka 1982, huko Ottawa, umoja wa makanisa ya Reformed duniani ulitangaza kwamba kuutetea ubaguzi huo kwa theolojia ni uzushi. Sasa hapo nani alikuwa mlinzi wa mapokeo, na nani alikuwa mzushi wa kisasa?

Najua jibu linalokuja. Utumwa na ubaguzi ni makosa ya wanadamu, lakini mafundisho yenyewe hayabadiliki. Ningependa iwe rahisi hivyo. Mtaguso wa Tatu wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1179, uliamua kwamba wanaojulikana kukopesha kwa riba wasipewe komunyo wala maziko ya Kikristo. Leo ni dayosisi gani isiyo na akaunti ya benki? Mwaka 1864 Papa Pius IX aliorodhesha kati ya makosa ya zama zake fikra kwamba kila mtu yuko huru kufuata dini anayoiona kuwa ya kweli. Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba binadamu ana haki ya uhuru wa dini, na kwamba haki hiyo imejengwa juu ya heshima ya utu wake. Mmoja wa waliosaidia kuliandika tamko hilo ni padre Mjesuiti, John Courtney Murray, ambaye katika miaka ya 1950 wakubwa wake walimtaka aache kuandika juu ya mada hiyo hiyo. Wanaolitetea badiliko hilo wanasema ni kukua, kwamba mche umekuwa mti na si kwamba umekuwa mti mwingine. Huenda. Ila ni ukuaji uliopita kwa mtu aliyenyamazishwa.

Marabi wa kale, walimu wa sheria ya Wayahudi, walikuwa na ujasiri wa namna nyingine, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu nawapenda. Kumbukumbu la Torati 21 linasema mwana mkaidi, asiyewatii wazazi wake, mlafi na mlevi, apelekwe na baba na mama yake kwa wazee wa mji, apigwe mawe afe. Sheria imeandikwa, haifutiki. Basi marabi wakaanza kuisoma kwa makini ya ajabu. Imeandikwa baba na mama, kwa hiyo wote wawili lazima wakubali. Imeandikwa wampeleke, basi mzazi kiwete hafai. Imeandikwa waseme, basi bubu hafai. Kuna kiasi maalumu cha nyama anachopaswa awe amekula, na kiasi maalumu cha divai. Kisha Rabi Yehuda akaongeza kwamba kwa kuwa wazazi wanasema "sauti yetu" kana kwamba ni moja, mama asipofanana na baba kwa sauti, kwa sura na kwa kimo, mtoto haingii kwenye sheria hii. Talmudi, mkusanyiko wa mijadala yao, inahitimisha kwamba mwana wa namna hiyo hakuwahi kuwapo na hatakuwapo kamwe. Kwa nini basi aliandikwa? Usome, upate thawabu ya kusoma.

Na kwa sababu Talmudi ni Talmudi, mara tu baada ya hapo Rabi Yonatani anasema: mimi nilimwona mmoja, na nilikaa juu ya kaburi lake. Hawakumfuta. Aliyepinga ameachiwa nafasi yake ukurasani mpaka leo.

Waislamu nao wanasimulia kwamba katika mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa 18 Hijria, Khalifa Umar bin Khattab alisimamisha adhabu ya kumkata mkono mwizi, maana mtu anayeiba ili asife njaa si yule aliyekusudiwa. Hakuna aliyesema Umar amekuwa mlegevu, wala kwamba ameiga wageni. Alikuwa anauliza sheria imewekwa kwa ajili ya nani, na huyu aliyeletwa mbele yangu ni nani.

Swali langu basi si kama mapokeo hubadilika. Ni nini huyabadilisha? Wasomi watakutajia falsafa, uchapaji, elimu, mapinduzi. Sikatai. Lakini ndani ya maandiko yenyewe kuna jibu jingine, na wanaolitoa ni wanawake.

Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, na majina yao yametajwa yote, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wanakuja kwenye mlango wa hema ya kukutania. Wanasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote. Hebu lione eneo lile: taifa zima la wanaume lenye sheria iliyotoka Sinai, na wasichana watano yatima. Wanasema baba yetu alikufa jangwani, hakuwa na mwana wa kiume. Kwa nini jina lake lifutwe kwa sababu hiyo? Tupeni urithi kati ya ndugu za baba yetu. Musa hawaambii sheria ndiyo hiyo. Hawaulizi nani amewatuma. Anaipeleka kesi yao mbele za Bwana, na jibu linarudi kwamba mabinti wamesema haki. Sheria ya urithi inaongezewa kifungu palepale, na kifungu hicho kinakuwa cha wote.

Sura ya 58 ya Qur'ani imepewa jina kutokana na mwanamke aliyejadiliana. Wafasiri wanamtaja kuwa ni Khaula binti Thaalaba. Mumewe, Aus bin Samit, alimtamkia maneno ya desturi ya zama za ujinga, kwamba kwake yeye amekuwa kama mgongo wa mama yake. Kwa desturi ile mke alikuwa ameshakatwa, haguswi tena, na hayuko huru. Akamwendea Mtume kushtaki: amekula ujana wangu, nimemzalia watoto, sasa nimezeeka ananifanyia hivi. Bibi Aisha anasimulia kwamba alikuwa humo humo chumbani na maneno mengine hakuyasikia, lakini Mwenyezi Mungu aliyasikia kutoka juu ya mbingu. Aya ikashuka, ikaanza kwa kusema kwamba Mungu amekwisha kusikia maneno ya yule mwanamke. Ile desturi ikaitwa uongo, na mume akawekewa kafara: amwache huru mtumwa, asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza alishe maskini sitini.

Sisemi visa hivi viwili vinafanana kwa kila kitu, wala sidai kuwafundisha Waislamu kitabu chao. Ninachokiona ni utaratibu. Anayeumizwa na sheria anakuja mwenyewe, kwa mdomo wake, na mwenye mamlaka anamsikiliza kwanza ndipo anahukumu. Kusikiliza huko hakuitwi kuharibu dini. Kumeandikwa ndani ya dini.

Nikuonyeshe sasa kinyume chake, nilichokiona kwa macho yangu. Nilimsindikiza dada mmoja wa ushirika wetu kwenda kuonana na wazee wa kanisa. Ilikuwa jioni, naye alikuwa amevaa miwani meusi, na kila mtu mle ofisini alijua kwa nini. Wazee wanne, wote wanaume, na katibu mwenye daftari. Mchungaji alimkaribisha kwa upole kabisa. Sina budi kusema hivyo, hakuwa mtu mbaya. Akamsomea Mithali, kwamba mwanamke mwenye hekima huijenga nyumba yake na mpumbavu huibomoa kwa mikono yake. Akamwambia aongeze maombi. Dada akavua miwani. Akasema, "Baba Mchungaji, kuomba nimeomba. Leo nimekuja kusema." Mzee mmoja akainamisha macho kwenye Biblia yake, kidole kikiwa bado katikati ya kurasa kushika mahali. Hakuna aliyemwuliza imekuwaje. Tulipoinuka kwa sala ya mwisho nilichungulia daftari la katibu. Aliandika: "Ndoa. Wameshauriwa waombe." Yule mume hakuwapo, lakini katibu aliandika wameshauriwa, wote wawili.

Alihamia kwa mama yake baada ya muda. Wapo walionong'ona kwamba maadili ya kisasa yamemharibu, haki za wanawake zimemwingia kichwani. Mimi nilikuwepo. Hakutaja haki ya mwanamke hata mara moja. Alitaja Mungu, mara nyingi.

Ukiuliza maswali katika hali kama hiyo, kuna mstari utakaotupiwa, na kila aliyekulia kanisani anaujua kwa moyo: "Msiwaguse masihi wangu." Umetumika kufunga midomo ya wenye hesabu za sadaka, ya mabinti walioshikwashikwa, ya yeyote anayeuliza mtumishi amelala wapi. Usome basi ulipo, Zaburi 105. Masihi, yaani wapakwa mafuta, wanaotajwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hadi taifa. Anayekemewa asiwaguse ni mfalme. Mstari uliotolewa kumlinda mgeni asiye na kwao dhidi ya mwenye enzi umegeuzwa kuwa ngao ya mwenye enzi. Kashfa za unyanyasaji wa watoto zilizolipuka katika Kanisa Katoliki la Boston mwaka 2002 hazikuwa na fundisho lolote la imani lililohalalisha uovu ule. Hakuna katekisimu iliyouruhusu. Kilichokuwapo ni maaskofu waliohamisha mapadre kimyakimya na mafaili yaliyofungiwa. Ni Desemba 2019 ndipo Papa Francis alipoondoa siri ya kipapa, ile kanuni ya usiri mkali, kwenye kesi hizo.

Mpaka hapa wale wa sentensi ya pili wanapiga makofi. Wasubiri kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 hakukuwa na jambo la kisasa kuliko eujenetiki, ile elimu iliyodai kwamba jamii itaboreka tukiwazuia "wasiofaa" kuzaa. Ilifundishwa vyuo vikuu, ilisifiwa na madaktari na wapenda maendeleo. Wachungaji wa Marekani waliotaka kwenda na wakati walishindana kuihubiri. Chama cha eujenetiki cha nchi hiyo kiliandaa mashindano ya mahubiri mwaka 1926. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Carrie Buck, msichana wa Virginia aliyewekwa kwenye kituo cha serikali kwa madai ya upungufu wa akili baada ya kupata mimba. Mimba hiyo ilitokana na kubakwa na ndugu wa familia iliyomlea. Jaji Holmes, mmoja wa majaji walioheshimika kuliko wote, aliandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha. Carrie akafungwa kizazi. Majaji wanane waliafiki, mmoja tu alikataa, Pierce Butler, Mkatoliki. Hakuandika sababu zake. Bintiye Carrie, aliyehesabiwa kuwa kizazi cha tatu cha upungufu huo, alikwenda shule na jina lake likatokea kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri, kabla hajafa akiwa na miaka minane. Zaidi ya watu 60,000 walifungwa kizazi Marekani kwa sheria za namna hiyo. Mwisho wa mwaka 1930 Papa Pius XI aliipinga eujenetiki hadharani katika waraka wake juu ya ndoa, na wapenda maendeleo walimwona ni mzee wa zama za giza.

Kwa hiyo anayeniambia "maadili ya kisasa" kana kwamba kalenda ni hakimu, namwuliza ya mwaka gani. Carrie Buck hakusikilizwa na sayansi kama vile yule dada hakusikilizwa na wazee. Wakili aliyewekwa kumtetea hakuita hata shahidi mmoja upande wake.

Nawaheshimu wahafidhina kwa sababu hii, tena kwa dhati. Wanashikilia kwamba kuna mambo hayapigiwi kura, na mara nyingine wao ndio wanaobaki wamesimama wakati werevu wote wamekwenda na upepo. Ninachowadai ni kimoja: wasitumie ukale wa jambo kama kisingizio cha kutomsikiliza linayemwumiza. Na kuna maswali ambayo hata baada ya kusikiliza kila mtu sipati jibu. Sioni, kwa mfano, kwamba uhuru wa mgonjwa kuchagua kufa unamalizika kwa kusikiliza mgonjwa peke yake, maana yupo na mwingine kitanda cha pili ambaye ataanza kujiona ni mzigo kwa sababu tu mlango umefunguliwa. Hapo mapokeo yangu yananizuia, na nashukuru yananizuia.

Hata kisa cha mabinti hakikuisha vizuri kama wahubiri wanavyokimalizia. Katika Hesabu 36 wakuu wa ukoo wa Gileadi wanarudi kwa Musa na hoja. Mabinti hawa wakiolewa na wanaume wa kabila jingine, ardhi yetu itahama nao. Hoja ina uzito, wala hawakuwa watu waovu. Ardhi ndiyo iliyokuwa maisha. Amri ikatoka: waolewe na wanaowapenda, ila ndani ya kabila la baba yao. Wakaolewa na wana wa baba zao wadogo.

Tulilisoma hili katika kikundi chetu cha Biblia, nikasema kwamba katika sura hiyo yote mabinti hawasemi neno. Mzee mmoja akanijibu kwamba wangekuwa na neno wangekuja tena, mlango wa hema walikuwa wanaujua. Binti aliyekaa nyuma yake, hata kidato hajamaliza, akasema, "Shikamoo mzee, lakini mara ya kwanza walikuja wenyewe. Mara ya pili nani aliwaambia kwamba kuna kikao?" Mzee akacheka, akafungua tena sura ya 36, tukaendelea kubishana hadi mlinzi akaja kudai funguo.